Maiki ya Shangazi Beldina

Shangazi Beldina husimulia filamu katika kibanda cha video cha Sylvanus, hapa Iguhu. Wazungu wakiongea kwenye televisheni, yeye hushika maiki na kutuambia wanasema nini. Kiingereza chao cha puani hakielewi sana. Nilipomuuliza anajuaje, alisema, "Natazama macho yao. Mdomo utakudanganya."

Siku moja Sylvanus alileta filamu ya Uingereza: wafu wanafufuka na kuvamia harusi, na bibi mmoja anawachapa kwa mwavuli. Eti ni ya kuchekesha! Shangazi aliisimulia kwa sauti nzito ya kutisha. Wafu walipofika mlangoni, Mama Zipporah akaanza kukemea kwa jina la Yesu, na watu wakatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki.

"Beldina," Sylvanus akasema, "Jumamosi narudia filamu hii. Watu wakitoka tena, maiki nampa Willis wa Likuyani. Yule anajua Kiingereza."

Shangazi ameshakata miwa ya watu mpaka mgongo ukakataa. Ni kazi ya maiki tu aliyowahi kuipenda.

Katikati ya wiki tulienda matanga kwa jirani. Baada ya kuzika, nyama ikaiva, na umati ukaanza kusogelea masufuria: polepole, mikono mbele, bila kupepesa macho. Shangazi akanifinya.

"Unawaona?"

"Nani?"

"Wafu wa Sylvanus!" Akacheka mpaka wenye msiba wakageuka.

Jumamosi kibanda kilijaa, wengi wakigombania viti vya karibu na mlango. Willis alikaa kando ya Sylvanus, maiki yake mwenyewe mapajani, tayari. Makaburi yakafunguka. Shangazi akavuta pumzi.

"Haya, wamesikia nyama imeiva! Wewe wa koti, marehemu humjui hata jina, unakimbilia nini? Huyu hana mkono lakini sahani amebeba! Na yule anauliza kama kuna ya kufungiwa apeleke nyumbani!"

"Huyo ni Osundwa!" mtu akapaza sauti.

"Mimi nilikula mara moja tu!" Osundwa akajitetea, na kibanda kikalipuka.

Bibi alipoinua mwavuli, Mama Zipporah alipanda juu ya benchi. "Mchape! Mwambie apange laini!"

Hakuna aliyetoka. Willis alicheka mpaka maiki yake ikaanguka, na hakuiokota.

Siku hizi, mashindano ya kupiganisha fahali yakiisha uwanjani, watu huja moja kwa moja kudai "ile ya mwavuli". Tumekariri maneno yote, na sidhani Mwingereza yeyote ameyasema. Sylvanus ameandika BELDINA ukutani kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko jina lake mwenyewe.