Wafanyakazi Sita wa Ng'ambo ya Barabara

Tabita alizaliwa Isansa, katika nyumba iliyonuka kahawa mbichi kila msimu, kwa kuwa baba yake alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima. Mzee yule hakuwa mtu wa maneno. Mkulima akija juu kwamba kilo zake zimepungua, mzee alifungua daftari, akaligeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa mtu yule ili asome mwenyewe. Asiyejua kusoma alisomewa na Tabita, aliyekuwa darasa la nne na mwenye sauti ya kwaya. Hapo ndipo alipoanza kuamini kwamba mtu akishaandikwa vizuri hawezi kupotea. Ni imani nzuri, wala haifai kuchekwa, ila ilikuja kumponza.

Ukubwani alikuwa Tunduma, ofisa utumishi wa kampuni ya malori ya bwana mmoja aitwaye Danford. Kazi yake ilikuwa watu wanaofanya kazi nje ya nchi. Madereva walikwenda Ndola, Lubumbashi, Lilongwe, na kila mmoja alikuwa na faili lake: pasipoti inaisha lini, kibali cha kazi kina muda gani, amelala siku ngapi nchi ya watu, kodi ya mshahara wake inatakiwa wapi, michango yake ya uzeeni imekwenda wapi. Watu hudhani kazi ya namna hiyo ni kujaza fomu tu. Kumbe ni kujua mtu yuko wapi kuliko mkewe anavyojua.

"Jofrey," alikuwa akisema kwenye simu, "umebakiza siku kumi na mbili huko Kongo. Geuza gari, au niombe kibali kingine leo hii."

"Mama Atupele, hata mama mkwe hanihesabii hivyo!"

"Mama mkwe wako hataulizwa na serikali mbili. Mimi nitaulizwa."

Walimtania, lakini walimpenda, kwa sababu katika miaka kumi na mitano hakuna dereva wake aliyewahi kukwama mahali kwa ajili ya karatasi. Walimwita kwenye semina Mbeya awaeleze wenzake anavyofanya. Alirudi na kofia na cheti, na kichwa nacho kilikuwa kimevimba kidogo. Tusimfiche.

Kisha bohari ya Tunduma ikajaa. Danford akakodi uwanja mwingine upande wa Zambia, Nakonde, mahali ambapo ukisimama kwenye ngazi za ofisi ya Tabita uliweza kuona bati lake jekundu. Wafanyakazi sita wakahamishiwa pale. Msimamizi wao alikuwa Osea, kijana wa miaka thelathini na minne, mtaratibu, aliyetunza funguo za bohari kama mtu anavyotunza sadaka.

Sasa, mtu wa mbali atashangaa kwamba mwanamke aliyehesabu siku za dereva aliyeko Lubumbashi alishindwa kuwaona watu sita aliokuwa akiwaona kwa macho. Wa Tunduma hatashangaa. Tunduma, Nakonde ni pale. Unavuka kununua sukari, unavuka kwenda kwenye harusi, unavuka kumpelekea dada yako unga. Atupele mwenyewe, binti pekee wa Tabita, alikuwa ameolewa Nakonde, na mama yake alikuwa akimwona kila Jumapili baada ya ibada. Wale sita walilala kwao Tunduma na chakula chao cha mchana kilitoka Tunduma kwenye ndoo. Asubuhi walivuka kwa karatasi ya matembezi, ile wanayopewa wakazi wa mpakani. Katika orodha ya mishahara Tabita aliwaacha palepale walipokuwa, kituo cha kazi Tunduma, kodi Tanzania, kibali hakuna. Neno "nje ya nchi" halikumpitia hata kichwani. Miaka mitatu ikaenda.

Siku wakaguzi wa uhamiaji wa Zambia walipoingia uwanjani, watano walikuwa nje ya uwanja kwenye ndoo ya chakula. Osea alikuwa peke yake na funguo zake. Wakamuuliza anafanya nini pale.

"Nafanya kazi," alijibu, tena kwa fahari. "Mwaka wa tatu huu."

Hakujua kwamba amejifunga. Alirudishwa Tunduma jioni hiyohiyo, na kampuni ikatakiwa ijieleze: huyu ni nani, nani alimpeleka, kwa nini hana kibali, na kodi ya mshahara wake kwa miaka mitatu iko wapi.

Danford aliingia ofisini kwa Tabita jasho likimtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mkopo wa benki ulikuwa kwenye malori sita.

"Mama, andika kwamba alikwenda kwa shughuli zake. Kwamba sisi hatukumtuma."

"Lakini tulimtuma."

"Najua tulimtuma! Wakisema ni sisi, wanafunga uwanja, na malori hayapiti. Watu sitini hawatakula. Yeye atabaki na mshahara wake, atafanya kazi huku. Amepoteza nini?"

Tabita aliandika. Alijiambia anaandika kwa ajili ya watu sitini, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Kwa kiasi kingine alikuwa akiogopa lile swali la kwa nini hakuna kibali, maana jibu lake lilikuwa yeye. Akasaini. Barua ikaenda, uwanja ukabaki, watano wakaombewa vibali na wakaanza kulipiwa kodi inakotakiwa. Osea akaandikiwa kwamba ni mgeni aliyefanya kazi kwa siri kwa faida yake mwenyewe, na haruhusiwi kuingia Zambia kwa miaka miwili.

Alioneshwa barua ya Tabita kule mpakani alipokwenda kuuliza. Akaja nayo ofisini, nakala, akaiweka mezani.

"Mama, umeniandika hivi?"

Tabita alitazama saini yake. "Nimekuandika hivyo."

Osea akaikunja ile nakala mara nne, akaitia mfukoni, akatoka. Hakupiga kelele wala hakumsema kwa watu, na hilo ndilo lililomuuma Tabita kuliko matusi.

Kile ambacho Danford aliuliza, amepoteza nini, kilikuwa na jibu. Mama yake Osea, Bibi Ruti, alikuwa mtu wa Nakonde. Mumewe alipofariki alirudi kwa ndugu zake, kilomita mbili tu kutoka kwenye geti, akajenga chumba na kulima karanga. Osea ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Kila siku akifunga bohari alikuwa anapita kwake kabla ya kurudi Tunduma. Sasa walibaki na simu, na Bibi Ruti hakuwa akisikia vizuri.

Mwezi wa nane wa lile zuio, bibi akaanguka. Upande mmoja wa mwili ukafa. Hakuweza kubebwa mbali, na ndugu zake hawakutaka kumtoa nyumbani. Kila siku mtu alivuka akamletea Osea habari: leo amekula, leo hakula, leo amekuita.

Watu walimshauri apite vichochoroni. Tunduma njia za kupita bila kuonekana hazihesabiki, na mtoto wa pale huzijua kabla ya kujua kusoma. Edson, mwenzake wa bohari, alimwambia mbele ya Tabita, "Twende leo, saa moja tu, umwone urudi."

"Nikivuka kwa kujificha," Osea alisema, "nimekubali kwamba ile barua ilisema kweli."

Tabita alikuwa amekaa, kalamu mkononi. Akavuta karatasi tupu. Adhuhuri ile alikwenda kwa Danford na barua mpya. Ilieleza kwamba Osea alitumwa na kampuni, kwamba kibali na kodi vilikuwa wajibu wa mwajiri, na kwamba maelezo ya kwanza yalikuwa ya uongo.

Danford alisoma mara mbili. "Mama, hapa unatuchoma."

"Kodi ya miaka mitatu tulipe, Bosi. Kosa ni letu."

"Kulipa nitalipa. Lakini huu uongo, kampuni haiwezi kukiri." Akaitia barua kwenye droo.

Ilikaa humo siku kumi na mbili. Tabita alikwenda kila asubuhi, akaambiwa subiri, wakili anaisoma, subiri, kesho. Siku ya kumi na tatu alipiga moyo konde.

"Weka kwamba uongo niliuandika mimi. Jina langu, cheo changu. Kampuni haikujua."

Danford alimtazama. Alikuwa anajua ni nani aliyesema na ni nani aliyeandika. Kisha akafungua droo, akamrudishia barua aongeze mstari huo, na kuuchukua mhuri. Alisema, "Nisamehe, mama," na akapiga mhuri.

Tabita aliipeleka barua mwenyewe, pamoja na stakabadhi za kodi. Ofisa wa kule aliisoma, akamtazama kwa masikitiko. "Mayo," alimwita kwa heshima, kama wanavyomwita mama upande ule, "unajua hii itakurudia wewe?" Akasema anajua. Akatoka hapo akapita kwa Atupele, akakaa sana, akala, akamshika mjukuu mpaka akalala mikononi. Habari ya barua hakumwambia.

Majibu yalifika Jumatatu, karatasi mbili. Ya kwanza ilimfungulia Osea. Ya pili ilikuwa ya Tabita: kwa kutoa maelezo ya uongo, asiingie kwa miaka miwili. Ya pili aliitia mkobani. Ya kwanza aliibeba mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akivuka barabara kati ya malori, mpaka bohari ya Tunduma.

Alimkuta Osea amekaa juu ya mizani, Edson ameinama mbele yake. Hakuhitaji kuuliza. Bibi Ruti alikuwa amefariki alfajiri.

Osea aliipokea ile karatasi, akaisoma yote, akashukuru.

Jumanne ofisi nzima ilikwenda msibani. Danford alitoa basi dogo, lakini watu walishuka getini ili wavuke kwa miguu na kugongewa mihuri. Kina mama walikuwa wamejifunga khanga, madereva wameshika kofia. Tabita alikwenda nao mpaka kwenye uzio, akampa Fausta, mhasibu wa kampuni, bahasha ya rambirambi, akasimama.

"Mama Atupele, panga foleni, tunachelewa," Fausta alimwita.

"Nendeni."

"Huji kuzika?"

"Siruhusiwi kuingia," Tabita alisema. Alijaribu kulisema kwa sauti ya kawaida, lakini lilitoka kubwa, na foleni nzima ikageuka.

Osea alikuwa mbele, pasipoti mkononi. Aliacha nafasi yake akarudi. Alimtazama, na Tabita akaona anayaunganisha mambo mwenyewe: barua, jina, mhuri, Atupele na mtoto upande wa pili.

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

"Hukuniambia."

"Ungenikataza."

Osea alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini hakuwa na hasira. "Hapana, mama. Nisingekukataza. Ningekuomba uandike mapema."

Tabita aliushika uzio. Alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hili halikuwa lolote kati ya hayo, na alijua kwamba ni kweli, na kwamba atakaa nalo hata baada ya miaka miwili kwisha.

"Ni kweli," alisema. "Nenda ukamzike."

Osea akarudi kwenye foleni. Watu walimpisha, akafika dirishani, akasukuma pasipoti chini ya kioo. Ofisa alimuuliza anakwenda kufanya nini, akajibu, na mhuri ukapigwa. Tabita alibaki kwenye uzio mpaka wa mwisho wao alipopita.