Bi Bopesh Aenda Tamashani

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, Akmaral Seitkali alikuwa bado anapiga piano juu ya meza ndogo ya behewa, bila piano. Vidole vilikimbia katikati ya vikombe vya chai. Abiria aliyekaa mkabala naye, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshikilia kikombe chake kisimwagike, akamwuliza, "Dada, huo ugonjwa ulikuanza lini?"

"Nikiwa na miaka sita," Akmaral akajibu, akacheka.

Moscow alikuwa amefika, Tokyo pia, lakini mji huu wa reli katikati ya nyika hakuwahi kuukanyaga. Mama yake, Bi Bopesh, alihamia hapa kwa mwanawe kitindamimba, maana kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Sasa ukumbi wa wafanyakazi wa reli ulikuwa umemwalika Akmaral, naye alikubali kabla hawajamaliza kumwomba. Miaka yote ya kazi yake, mama hakuwahi kumsikia jukwaani.

Si kwamba hakualikwa. "Nilikusikia vya kutosha kupitia ukutani," ndilo lililokuwa jibu lake kila mara. "Kipande kimoja kutwa nzima. Hata kuku waliacha kutaga."

Hasira hiyo ilikuwa na historia. Baba, dereva wa treni, alimtoa ng'ombe wao wa maziwa akapewa piano kuukuu ya mwalimu aliyekuwa akihama, na mwaka mzima Bi Bopesh akanywa chai ya rangi. Binti akaenda chuo cha muziki Almaty, akashika nafasi ya tatu kwenye mashindano makubwa, akaanza kuzunguka. Alipiga kwenye kumbi za migodini, zenye baridi kiasi kwamba alikumbatia bakuli la chai kati ya kipande na kipande ili vidole vikunjuke. Alipiga ng'ambo, ambako watu hukohoa kwa zamu. Kila mji alimnunulia mama kitambaa cha kichwa. Mama alivivaa vyote, wala hakuuliza huko alipiga nini.

Nyumbani, mke wa mdogo wake, Shinar, alimpokea na sinia la maandazi.

"Wifi, umekonda! Huko Almaty wanakulisha nota?"

"Mama yuko wapi?"

"Anachagua kitambaa. Tangu juzi."

Bi Bopesh akachomoza mlangoni. "Nakuja. Lakini nikisinzia, usinikodolee macho mbele za watu."

"Usisinzie tu, mama."

"Basi piga kwa nguvu."

Jioni ukumbi ukafurika. Akmaral akaanza na sonata, kipande kimoja chenye sehemu tatu, ambacho makofi yake hungoja mwisho. Ya kwanza, ya kasi, ikaisha kwa kishindo. Akainua mikono, akisubiri kimya kidogo kabla ya ile ya polepole, na hapo Bi Bopesh akasimama mstari wa mbele. Kwetu jambo la heri likitimia hurushwa peremende. Ndiyo shashu, anayofanyiwa bibi harusi na askari aliyerudi salama. Bi Bopesh akachota mkobani kwa mikono miwili, akarusha. Jukwaa likanyeshewa. Kifuniko cha piano kilikuwa wazi, na peremende zikaangukia nyuzi, ting, ting. Watoto na mama zao wakapanda jukwaani kugombania, kwa kuwa peremende hizo ni baraka.

"Mama, bado!" Shinar akanong'ona, mnong'ono uliosikika ukumbi mzima. "Zimebaki sehemu mbili!"

Bi Bopesh akaganda. Kisha akafunga mkoba, akageuka kuelekea mlangoni.

Akmaral alimjua. Akitoka sasa, hatakanyaga tena ukumbi wa muziki. Akaokota peremende, akaimenya, akaitia mdomoni.

"Mama!" akaita, shavu limetuna. "Hiyo ilikuwa ya kukaribisha wageni. Keti, bibi harusi hajaingia bado!"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Keti, Bopesh!" mzee mmoja akadakia. "Peremende tumekula, sasa tunamtaka bibi harusi!"

Akaketi.

Akmaral akaingiza mkono ndani ya piano, akatoa alizoziona. Moja ilikuwa imejibana kwenye nyuzi nene, na alipoanza sehemu ya pili nota ya nyuzi hizo ikatoka na mkwaruzo kama wa dombra, kile kinanda cha nyuzi mbili cha kila nyumba hapa. Badala ya kuikwepa, akaiegemea. Mama hakusinzia. Sehemu ya tatu ilipoanza alikuwa amegeuka mlinzi: jirani yeyote aliyeinua viganja alikula kiwiko.

Kesho yake, stesheni, Bi Bopesh akauliza, "Unapiga wapi tena?"

"Karaganda, mwezi ujao."

"Huko wanajua pa kupiga makofi?"

"Wengi hawajui."

"Basi nikatie tiketi. Nitakaa mbele."

Akmaral akapanda behewani huku akifuta macho na kucheka. Treni ikaondoka. Bi Bopesh hakupunga hata mkono; alikuwa amemdaka mke wa mkuu wa stesheni, akimweleza kwamba muziki wa maana una sehemu tatu, na anayepiga kelele katikati hakulelewa vizuri.