Kinyozi wa Kwa Mathias Anayetazama Nyuso

Saa mbili asubuhi, pale Kwa Mathias, Kibaha, kinyozi Masanja Maganga anamfunga mteja taulo shingoni, lakini hawashi mashine. Anasimama mbele yake na kumtazama usoni.

"Tabasamu kidogo, mzee wangu. Haya, nyanyua mikono yote miwili."

Mteja anacheka, ananyanyua. Ndipo mashine inaanza kuunguruma.

Wageni hudhani ni utani wa kinyozi. Miaka mitatu iliyopita, Masanja alikuwa akisukutua mdomo maji yakamchuruzika upande mmoja bila yeye kujua. Alipojitazama kiooni, nusu ya kushoto ya uso wake ilikuwa imelala. Jicho halifumbiki, mdomo umevutwa kulia.

"Nikajaribu kupiga mluzi, ukatoka upepo mtupu," anasimulia. "Mke wangu Holo alidhani namchezea. Aliponiona vizuri, akakaa chini."

Majirani walisema amepigwa kofi na jini. Holo hakungoja wamalize. Aliita bodaboda wakaenda hospitali.

Huko daktari alimwambia akunje paji la uso. Upande wa kushoto ukabaki laini kama kigae. Baada ya vipimo vingine akaelezwa kuwa si kiharusi, ubongo wake uko salama. Kilichopooza ni neva ya uso, ile inayotokea karibu na sikio. Akapewa vidonge, na dawa ya kulilowanisha jicho.

"Nikamuuliza, kwa nini paji? Akasema kiharusi mara nyingi huliacha likunjike. Nikauliza tena na tena, nadhani nilimchosha. Akanionya: 'Usije ukaanza kupima watu. Uso wa mtu ukianguka ghafla, mlete haraka, mengine tuachie sisi.'"

Wateja walipungua, kutoka vichwa ishirini kwa siku hadi vitatu. "Mtu anakaa mbele ya kioo, badala ya kutazama nywele zake ananitazama mimi." Uso ulichukua miezi kadhaa kurudi.

Mwaka jana akaja Mzee Amiri, mkulima wa mihogo wa Kisarawe aliyekuwa amemtembelea bintiye. Alikuwa ananyolewa ndevu huku akisimulia habari za nguruwe pori walioingia shambani. Ghafla maneno yakawa mazito, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukaporomoka.

Mpwa wake, Saburi, aliyekuwa amemsindikiza, akainuka. "Tumrudishe Kisarawe. Kuna mtu kule anatibu haya."

"Kaka, Kisarawe itakuwepo hata kesho," Masanja alimjibu, tayari ameshasimamisha bajaji. "Sasa hivi ni hospitali."

Walimpakia akiwa na povu kidevuni. Kilikuwa kiharusi, na walikiwahi. Leo mzee huyo anatembea kwa fimbo na maneno yake yanaeleweka.

"Mke wangu alipokuja wodini hakuuliza ugonjwa," anasema Mzee Amiri. "Aliuliza nani kaninyoa ndevu upande mmoja."

Sasa Masanja anataka vinyozi wenzake, hadi wa Mlandizi, wazijue dalili hizo. Daktari yule amekubali kuja kuzungumza nao Jumatatu, siku ambayo saluni huwa kimya, na Holo ameshaazima mabenchi.

Masanja ana swali lake mwenyewe. Tangu apone, kila akicheka jicho la kushoto hujifumba, na wanawake wanaoleta watoto kunyolewa hudhani anawakonyeza.

"Holo ananielewa, wengine hawaelewi," anasema, na jicho linajifumba. "Nataka daktari aniambie, hiyo neva wakati inarudi ilipotea njia wapi?"