Aliyeagwa Akabaki

Mume wangu aliagwa kwa dua, pilau na mbuzi, halafu hakwenda popote. Sitaki kuzunguka, jambo lenyewe ndilo hilo.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Gerezani, ana kona yake kwenye banda moja wanamoundia matela ya malori, na mkono wake ulijulikana. Kampuni moja ya Ulaya inayotengeneza matela ilikosa mafundi kwao. Wakala wa hapa mjini akatueleza inavyokwenda: mwajiri anatangaza kazi kwa wenyeji kwanza, akikosa anaiomba serikali yake ruhusa ya kuleta mgeni, anamdhamini, na mgeni anapewa viza ya kazi ya muda. Mume wangu akajaribiwa, akachomelea vyuma huku wanamrekodi, wakampenda. Mkataba ukaja. Nikamuuliza wakala, akifika huko akakosana na bosi je? Akacheka.

"Dada, viza hii ni ya mwajiri. Yeye akikuacha, na nchi imekuacha."

Nilimsikia kwa masikio yangu mawili, nikaenda zangu kuchagua masweta ya mtumba.

Ikabaki viza kugongwa tu. Mtu mwenye akili angesubiri. Lakini sisi watu wa pwani msafiri hatumwachi aondoke kimyakimya, na mama mkwe wangu, anayekaa Ilala na miguu imeshamkataa, alitaka dua isomwe kabla ya Ramadhani. Wakala alishasema viza ni suala la siku chache. Basi, sufuria zikainjikwa uani kwa mama.

Na kuaga kwetu si kupunga mkono. Unapita kwa mmoja mmoja kuomba radhi, maana huenda msionane tena. Mume wangu aliizunguka Gerezani nzima. Alimwomba radhi hata fundi mwenzake waliyekuwa hawasemeshani tangu walipogombea mteja, na kona yake akamwachia huyohuyo. Nikamwambia, kona usimpe. Akanijibu kwamba kinyongo nacho ni mzigo, na uwanja wa ndege wanapima mizigo. Alikuwa na maneno yule, zamani hizo.

Wiki hiyohiyo wakala akapiga simu. Kampuni imekosa kazi, imeondoa udhamini kwa wageni wote ambao hawajafika. Mume wako hana kosa, akasema, mkono wake bado ni mzuri. Nilitukana, sikumbuki nilitukana nini. Nakumbuka mume wangu alinipokonya simu akamwambia ahsante. Ahsante! Mpaka leo inaniuma hiyo ahsante.

Siku aliyokuwa asafiri mama mkwe alisubiri, kesho yake akampigia mwanawe kuuliza kama kafika. Mama mwenyewe ana presha, na Ilala nzima alishaitangazia. Mume wangu alinitazama, nami sikumsaidia.

"Nimefika, mama," akasema. "Kuna baridi."

Basi tukajifungia. Gerezani angerudi na uso gani? Kona ina mwenyewe, na huyo mwenyewe ameshaombwa radhi. Nilimwambia tutafute kazi Mbagala, tutafute Tegeta, akasema mafundi wa chuma wanajuana mji mzima. Ni kweli, wanajuana. Kariakoo tunakokaa nako hufichi kitu, chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na wenzako. Kila nikitoka kuchota maji jirani mmoja ananiuliza, "Shemeji hajambo huko Ulaya?" Naye shemeji yuko nyuma ya pazia anasikia ninavyojibu, hajambo, anakusalimu. Mwanzoni tulikuwa tunacheka, naye anacheka. Kisha akaacha kucheka, akaacha kunyoa, akawa mtu wa kulala na kugeuka.

Kazi aliyobaki nayo ni kumpigia mama. Kila jioni, amekaa kitandani, anamsimulia theluji ambayo hajapata kuiona. Mimi niko mlangoni napepea mkaa, nasikia hasira na huruma vyote pamoja, sijui nianze na kipi. Kutoka kwetu hadi Ilala unakwenda kwa miguu. Na chumba chenyewe anamopigia ndimo mama alimomlea kabla hajahamia Ilala, dirisha lilelile linalotazamana na msikiti.

Ramadhani ilipokwisha nilikwenda kumsalimia, nikambebea samaki. Alikula kidogo, akaniombea dua, akasifu upishi wangu, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono.

"Mwambie mwanangu asinipigie magharibi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwadhini wa hapo kwenu ana mafua siku hizi. Namsikia vizuri kabisa."

Hakunitazama. Aliendelea kunishika mkono, akaniagiza nimkumbushe ajifunike, maana huko baridi ni kali. Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini tena? Nilitembea hadi nyumbani nalia, watu wa Kariakoo wananipisha na mizigo yao.

Nilimfikishia maneno kama nilivyopewa, sikupunguza. Aliizima simu akaitia chini ya mto, akageukia ukuta. Nilimwambia mama ameshakusitiri, nenda ukamwone, kanzu yako ya Idi ninakupigia pasi sasa hivi. Niliipiga pasi. Iko pale kwenye msumari.

Tangu siku hiyo hajampigia tena. Mimi ndiye ninayekwenda Ilala, na kila nikifika mama mkwe huniuliza, mwanangu hajambo huko? Namjibu hajambo, mama, anakusalimu.