Doa Ambalo Dobi Hakuliulizia

Dobi alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umeuacha kitandani. Huu ulikuwa umemwingia mifupani, pamoja na mvuke wa pasi na harufu ya ile dawa ya kufulia bila maji. Hata hivyo mteja akiingia, sauti yake ililainika. "Mama, nini kilimwagika hapa? Usinifiche, hata kama ni aibu."

Alikuwa na sababu. Bintiye, mwalimu wa kemia, alimweleza siku moja wakila. Kwenye maji, alisema, oksijeni na hidrojeni zinachangia elektroni, lakini oksijeni ni mchoyo, inazivutia kwake. Basi molekuli ya maji inakuwa na upande hasi na upande chanya, na hushikana na vitu vyenye pande kama zake, sukari ikiwemo. Kwenye mafuta, kaboni na hidrojeni zinachangia karibu sawasawa, hakuna wa kulalamika. Dawa ya dobi ni ya ukoo huohuo wa mafuta. Hubeba doa la mafuta likaenda zake, lakini sukari inaipita tu.

"Halafu ukipiga pasi, sukari inaungua inakuwa kahawia," binti alicheka. "Hapo hata ulie, baba, halitoki."

Sasa binti huyo alikuwa anaolewa kesho, na dobi alikuwa na koti moja tu la kumsindikizia, la rangi ya maziwa. Asubuhi mkewe alimletea dukani. "Lina doa kidogo kifuani. Mafuta," alisema, akiangalia pembeni. Mteja yeyote angehojiwa mpaka akome. Mkewe hakuulizwa hata neno.

"Weka hapo," dobi alisema, wala hakugeuka.

Koti lilitoka kwenye dawa likionekana safi. Lilipokauka akalipiga pasi ya moto, na doa likachomoza taratibu mbele ya macho yake, kahawia, pana kama kiganja.

"Hii sukari!" alifoka. "Mwanamke wewe, umeniua! Kesho nasimama vipi mbele za watu?"

Mkewe, aliyebaki dukani, alikuwa akikunja mashuka, polepole. Dobi alikuwa na maneno makali tayari mdomoni, akakosa hata nguvu ya kuyatoa. Akazima pasi, akavuta kigoda, akakaa. Kisha akauliza kwa ile sauti ya wateja, "Mama, nini kilimwagika?"

Mkewe alimtazama kwanza, kama hana hakika ni yeye anayeulizwa.

"Maji ya glukosi," alisema. "Nakunywa nipate nguvu. Nilikuwa nalipiga koti brashi, glasi ikaniponyoka. Vitu vinaniponyoka siku hizi, baba Mwalimu. Mikono inakufa ganzi. Nilitaka harusi ipite kwanza, ndiyo maana nikasema mafuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Dobi aliiangalia mikono ya mkewe. Miaka yote walikunja mashuka pamoja, huyu pembe zake na yule pembe zake, na hakuwa ameitazama mikono ile. Aliona aibu kubwa kuliko ya koti.

Kesho yake watu walimwona harusini na shati tu, amemshikia mkewe glasi ili anywe. Wakacheka kwamba mzee naye kaanza mapenzi uzeeni. Aliwaacha wacheke, akainamisha glasi kidogo zaidi.