Marashi Yalimezwa, Beberu Akabaki

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Giakanja, na ugonjwa wangu ni kujifanya najua. Siku ya kupeleka mahari kwa kina Wanjiru, kule Kutus, nilitoka Doldol, nilikomnunua beberu wa mahari, naye akiwa nyuma ya gari, suti ikiwa mwilini. Tulipofika nilikuwa nanuka kumshinda beberu mwenyewe.

Mjomba, msemaji wetu, akaniambia nibadilishe nguo. "Mjomba, kemia iko na dawa," nikamjibu. Nilikuwa na chupa ya dawa ya kuondoa harufu niliyoichanganya maabara. Molekuli zake ni kama vikombe vidogo sana: harufu inayotoshea ndani ya kikombe hunaswa humo, isifike puani. Ili ninukie zaidi, nikamimina kwenye hiyo dawa marashi yangu yote, nikajipulizia kutoka kola hadi soksi.

Nikajinusa. Marashi hakuna, beberu hakuna. Pua yangu ilikuwa imemzoea njiani, lakini mimi nikaingia sebuleni kifua mbele.

Salamu hazijaisha, mamake Wanjiru akatoka jikoni na kukunja uso. "Ni nani ameingiza mbuzi kwa nyumba? Mtoeni!" Wazee wakachungulia chini ya viti.

Wanjiru, mwalimu wa kemia kama mimi, alikuwa akinimiminia chai. "Ulitia marashi kwa ile dawa?" akaninong'oneza.

"Chupa nzima."

"Basi vikombe vilijaa marashi. Mbuzi akakosa nafasi."

Mjomba alisikia. Akasimama, akakohoa kama msemaji.

"Mama Wanjiru, mbuzi tumemfunga huko nje. Huyu wa ndani ndiye bwana harusi."