Njahi Chini ya Pipa

Kwetu Nyeri mwanamke aliyejifungua hajipikii. Anapikiwa njahi. Ni punje nyeusi zenye mstari mweupe, zinachemshwa mpaka zilainike, zinapondwa pamoja na ndizi, na mama mzazi anakula huku wanawake wenzake wamemkalia kama askari, haondoki mpaka sahani iwe safi. Zinaleta maziwa, zinarudisha damu. Mimi ni muuguzi, mambo ya damu na maziwa nimeyasomea, na bado nazisadiki njahi.

Nilipomzaa binti yangu hapa London, hospitali ilinipa chai na mkate wa kuchoma. Mama yangu alilia kwenye simu. Sikuwa mgonjwa wala mtoto hakuwa na neno. Alilia kwa sababu nimezaa na yeye hakunipikia. Kilio kile kilinikaa moyoni miaka yote, na binti yangu aliponiambia kwamba ana mimba, mtoto anatarajiwa mwezi wa kumi, niliamua papo hapo: huyu atakula njahi, tena zitoke shambani kwangu.

"Mum, si zinauzwa Peckham?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha Edmonton.

Zinauzwa, tena nzuri. Lakini mimi nilitaka za mama. Alikuwa amenipa mbegu nilipokwenda nyumbani, kazifunga kwenye pindo la leso, na nilizibeba kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha ukoo.

Shida ni kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimezipanda, nikaaibika. Nina kipande cha shamba ninachokodi kwa kaunsili, hapa Edmonton, kando ya reli. Njahi za mama ziliota vizuri, zikapanda miti niliyozisimikia, zikavuka, zikakamata kibanda cha jirani. Majani mtindo mmoja, ua hata moja hakuna. Nikafanya kile afanyacho mtu wa Nyeri mmea ukikataa kuzaa: nikaongeza samadi. Majani yakazidi. Nikaongeza tena, nikaomba na Mungu. Maua ya zambarau yalikuja mwezi wa kumi, mazuri ajabu, na kabla hayajafunga ganda jalidi, ule umande wa barafu, ikaanguka. Asubuhi nilikuta mmea mzima umekuwa mweusi na umelegea kama mboga iliyochemshwa. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, mtu mzima na sare zangu za kazi.

Kibanda kile kilichokamatwa ni cha mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na duka Kenton, upande mwingine wa London, pamoja na mumewe na sasa anaishi na mwanawe huku kwetu. Tangu ajue kwamba mimi ni muuguzi huniita Sista. Naye hupanda njahi, ila za kwao, zenye punje za kahawia, na wao huzipika zikiwa changa pamoja na maganda yake. Zake zilikuwa zimezaa tangu mwezi wa nane. Alikuwa akipita na kapu limejaa, anatazama majani yangu, anasema, "Sista, wewe iko na mbuzi nyumbani?"

Mwaka wa mimba ile, baridi ilipoisha, nilimweleza habari za binti yangu. Hapo hakunitania. Aliweka jembe chini.

"Yako si mbaya," alisema. "Yako inangoja usiku mrefu. Kule kwetu usiku na mchana iko sawa, inazaa tu. Hapa mwezi wa sita jua hailali, basi mmea inafikiri bado mapema. Ikifika usiku mrefu, baridi nayo imefika." Akainama karibu na sikio langu. "Hata bangi iko hivyo hivyo."

Niligeuka kutazama kama kuna mtu wa kanisani kwetu amesikia. Mimi ni mwenyekiti wa akina mama.

"Mama! Na wewe umejulia wapi?"

"Mjukuu yangu. Anasoma mambo ya mimea chuoni. Anasema kuna nchi ya baridi inaruhusu watu kupanda, na nje wanachagua mbegu ile haijali usiku, ile inazaa haraka. Na kama mtu anapenda sana ile ya kungoja, jioni anaifunika, inadanganyika usiku umekuja."

"Anasoma tu, huyo mjukuu?"

"Sista," alisema, "mimi siulizi."

Akanipa mbegu zake zilizojaa kiganja. Usiku huo niliziweka mezani kando ya za mama zilizokuwa zimebaki, kahawia huku, nyeusi huku, nikakasirika. Mahali penye jua shambani kwangu ni mstari mmoja tu, kwingine kote ni kivuli cha miti ya reli. Na mwaka ulikuwa huo huo, mimba haingoji msimu ujao. Nikipanda za mama, binti yangu huenda akala majani. Nikipanda za jirani, nitamwambia nini mama? Kwetu wapo wanawake ambao ukiwapelekea njahi za kahawia watakuuliza kwa upole kama umeishiwa.

Mwishowe mstari wote niliupa zile za kahawia. Roho iliniuma, lakini mtoto aliye njiani hashibi heshima. Za mama nilipanda kwenye ndoo mbili tu, nikawa nazikata vichwa zisirefuke, na ulipofika mwezi wa saba nikaanza kuzifunika kwa mapipa meusi. Mapema jioni, jua likiwa bado linawaka, nazifunika. Asubuhi nazifunua. Nikiwa zamu, mama wa Kisumu ananifunikia, na ananipigia simu kuniambia, "Watoto yako imelala."

Mzee mmoja Mwingereza anayesimamia mashamba yale alianza kunitilia shaka. Siku moja alisimama akaniuliza kwa adabu nyingi nina nini chini ya mapipa.

"Maharagwe," nilimwambia.

"Na kwa nini unayaficha?"

"Siyafichi. Yamelala."

Alifunua mwenyewe. Akatazama yale majani matatu matatu, akafikiri, akafunika tena taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe. Mama wa Kisumu alicheka mpaka akashika uzio. Mimi nilicheka baadaye, nilipofika kituo cha basi na kuhakikisha niko peke yangu.

Mwezi wa nane ndoo zile zikatoa maua ya zambarau. Nilipiga kigelegele peke yangu kando ya reli, treni ikipita, na sijali nani aliniona. Mavuno yalipofika, za kahawia zilijaza beseni. Za mama zilikuwa konzi moja, nyeusi, zinang'aa, kila moja na mstari wake mweupe.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti ya mnada. Nilichemsha njahi jikoni kwa binti yangu, nikamwaga maji ya kwanza, nikachemsha tena, nikaponda na ndizi. Nilizichanganya zote, kahawia na nyeusi, nikazitafuta zile nyeusi kwa macho mpaka zikapotea ndani ya uji ule mzito. Binti yangu aliitazama sahani kama mtu aliyeletewa saruji. Nikavuta kiti, nikamkalia. Alikula kijiko cha kwanza kwa ajili yangu, na vilivyofuata kwa ajili ya njaa, kisha akafuta sahani kwa kidole na akalala, mtoto kifuani.

Nilirudi jikoni nikampigia mama. Sasa ni mzee sana, husikia kwa sikio moja. Nilimwambia ukweli wote, kwamba mbegu zake zilikuwa chache, kwamba nyingi zilikuwa za jirani Mhindi, za kahawia.

"Zangu zipi?" aliuliza.

"Zile ulizonifungia kwenye leso."

"Aa, zile! Za shambani kwangu zililiwa na fukusi mwaka ule. Zile nilinunua soko la Karatina."

Msimu mzima wa kufunika na kufunua!

"Mjukuu wangu amekula?" aliuliza mama.

"Amekula."

"Amemaliza?"

"Amemaliza, mama. Amefuta na sahani."

Nilimsikia akihamishia simu kwenye sikio lake zima.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Sikuwa nimekula. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nisikate simu, nichukue kijiko. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikavuta sufuria karibu, na mama akanikalia hapo, akiuliza na kuuliza tena, mpaka nikaimaliza.